Mlimani Jua, Tambarare Vumbi

Karatasi zangu za kutoka kabisa ziko njiani, sanduku limefungwa, na godoro langu hapa mtaa wa Shumaisi, Riyadh, limeshapata mrithi ambaye huja kulikagua kila jioni kana kwamba mimi ni mgonjwa mahututi. Basi kabla hajanihamisha, niwaandikie nyinyi madereva wapya, maana kila tukikaa kwa chai mnaniuliza lile lile: Mzee Mwadime, kazi hii siri yake ni nini? Haina siri. Kuendesha mnajua, ingawa baadhi yenu nimewaona mkirudisha gari nyuma nikapata mashaka kidogo. Habari za mishahara siandiki. Mkitaka kulia, mnaweza kulia bila msaada wangu. Nitaandika habari za hewa.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukinipa kitanda, jiko la chai na dirisha moja, naweza kukaa mwezi mzima bila kuulizia dunia inaendeleaje. Mungu, ambaye ana utani wake, akanipa kazi ya kuzunguka. Tena afadhali ingekuwa kuzunguka tu. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka hasa zile siku ambazo mtu mwenye akili timamu amefunga mlango.

Nilifika kwenye nyumba ya kazi huko Al-Malqa, mtaa mwingine wa Riyadh, mwanzo wa rabii, yale majira mafupi ambapo baridi inaaga na joto halijapiga hodi. Asubuhi yangu ya kwanza madam alinionyesha gari kubwa jeupe la familia akasema, "Osha." Nikaosha. Nilisoma hadi kidato cha nne, na katika mtihani wote ule hakuna swali nililolijibu kwa ukamilifu kama nilivyoliosha gari lile. Ndipo mbingu ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Matone machache yakaanguka, na kila tone likaacha doa la tope. Nilichungulia juu ya ukuta nikimtafuta mtoto wa jirani wa kumlaumu. Madam akatoka, akalitazama gari, akanitazama na mimi. "Osha," akasema, akarudi ndani.

Aliyecheka ni Mzee Odhiambo, dereva wa nyumba ile kabla yangu, ambaye alikuwa amebakizwa kidogo anifundishe kazi kabla hajarudi kwao Siaya. Alicheka hadi akashika geti.

"Kijana, hukuangalia hewa?"

"Niliangalia, mzee. Kulikuwa na jua."

"Wapi?"

"Hapa."

"Sasa hapo umeangalia utosi wako. Hiyo si hewa." Akatoa simu yake mfukoni, kioo kimepasuka kona mpaka kona. "Dereva anaangalia mahali patatu. Pale alipo, pale anapoenda, na kule vitu vinapotoka. Vumbi linatoka mahali. Maji yanatoka mahali. Havianguki tu kwa sababu wewe umeosha gari."

Nilimwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, lakini chai ilikuwa inapoa.

Nilielewa wiki hiyo hiyo. Lazima niwaeleze kwanza jambo ambalo lilinishinda kwa muda mrefu kuliko Kiarabu chenyewe. Kwetu Taita, mvua ikitangazwa, mtu anaanua nguo, anaingiza mbuzi, anafunga mlango. Hapa, simu zikilia kwamba mvua inakuja, nyumba nzima inashangilia. Mikeka inatolewa, birika la gahawa linajazwa, watoto wanavalishwa, na wote wanatoka kwenda kuitafuta hiyo mvua huko jangwani. Wakikuta korongo kavu limeanza kutiririka, hiyo ndiyo sikukuu yenyewe. Nilipoambiwa tunatoka kwa sababu ya mvua, nilifikiri Kiarabu changu kimeharibika.

Tulifika kwenye bonde moja nje ya Riyadh, chini ya majabali. Jua lilikuwa linawaka, wingu hata la dawa hakuna. Familia ikatandika mikeka ukingoni, nami nikaegesha gari chini kwenye mchanga wa korongo, mahali palipo tambarare na laini, nikashusha kiti nyuma nijinyooshe.

Mzee Odhiambo akagonga kioo. "Toa gari hapo."

"Mzee, hata wingu hakuna."

"Mwadime, nimesema toa."

Nikalitoa nikinung'unika, nikalipandisha kwenye mawe. Hatukuwa tumemaliza chai nikasikia kama malori yanakuja, mengi, bila honi. Yalikuwa maji. Yalikuja ya kahawia, yamebeba vichaka vya miiba na sufuria ya mtu, yakapita pale pale nilipokuwa nimejinyoosha. Watoto walipiga kelele za furaha. Baba, yaani mume wa madam, alikuwa anapiga picha. Mimi niliketi juu ya jiwe.

"Unaona wingu?" Mzee akaniuliza.

"Sioni."

"Maji hayahitaji wingu lako. Yana la kwao, huko juu."

Na hapo nikaona aibu, maana mimi ni mtoto wa Wundanyi. Nimekulia mlimani kwenye ukungu, na maisha yangu yote watu wa Voi kule chini wamekuwa wakipata maji ya mvua yetu. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mtu wa chini nitakuwa mimi.

Mzee aliondoka, akaniachia vifaa vyake: kipimo cha upepo wa matairi, koleo fupi, kamba ya kuvutia gari, na pamba ya kuwekwa masikioni, ambayo alisema ni ya safari zenye watoto. Kipimo kile bado ninacho. Matairi ukiingia mchangani unayapunguza upepo. Ukirudi kwenye lami unayajaza kabla hujakimbia, la sivyo yatakuchomea mpira. Maji ya kuosha kioo yawe yamejaa siku zote, maana tope la mvua ya vumbi ukilipangusa kavu umejipaka ukuta usoni. Na kila asubuhi, kabla ya ndoo, angalieni mahali patatu.

Ndivyo nilivyopewa cheo ambacho hakimo kwenye ikama. Madam alikuwa akishuka ngazi anauliza, "Mwadime, hewa?" nami nasoma. Alikuwa na dhana kwamba kila nikisoma, hewa nzuri huwa ya kukaa nyumbani. "Ajabu," alikuwa akisema, "tangu uje, Riyadh haina siku ya kutoka." Baba alicheka, lakini nilimwona naye anaangalia simu yake kuhakiki.

Sasa nije kwenye safari iliyonifundisha kazi kuliko nyingine zote. Mmeshaisikia kwa dada Riziki, ambaye anaisimulia vibaya, kwani ndani yake mimi ni mwoga.

Mama yake baba alikuwa akiishi Jeddah, mtaa wa Aziziya. Sisi wafanyakazi tulimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa wa nyumba. Aliyemtunza ni Riziki, mwanamke wa Malindi, mwenye ulimi ambao ungeweza kukwangulia nazi. Macho ya Mama Kabira yalikuwa yanakwisha. Kitu kikiwa mbali hakioni. Kikiwa karibu anakiona kama mtu anayechungulia kupitia pazia, na pazia linazidi kuwa zito. Madaktari wa Riyadh walikubali kumpasua, lakini hawakumpa ahadi. Huenda macho yakarudi, huenda yakafungika kabisa. Alitakiwa kulazwa hospitali Jumamosi, apasuliwe Jumapili, na daktari alisema nafasi hiyo ikipita, kungoja nyingine ni kuyapoteza macho bure.

Ndege hakupanda. Alisema mtu akipangiwa kuanguka na aanguke kutoka kitandani. Kwa hiyo nikatumwa Jeddah kumleta kwa barabara: kutoka pwani, kupanda milima ya Taif, halafu kuvuka tambarare yote mpaka Riyadh.

Nilipofika Aziziya siku ya Jumatano alikuwa ameketi sebuleni, ameshavaa abaya ya safari, mikono juu ya mkongojo.

"Mwadime, hatupiti Taif tu. Unanipeleka kwa baba yangu."

Baba yake alikuwa amefariki zamani. Nikamtazama Riziki.

"Ana maana kijijini kwao," Riziki akasema kwa Kiswahili. "Kuna mlozi. Miezi hii ndiyo huchanua."

Mama Kabira aliendelea kana kwamba sisi hatukusema kitu. "Nataka kuyaona yale maua kabla hawajanifunga bandeji. Wakiifungua nikakuta giza, angalau nitakuwa na cha kutazama humo ndani."

Nikafungua simu. Niliangalia mahali patatu. Alhamisi mchana, milimani: radi na mvua ya mawe. Ijumaa, milimani: jua. Ijumaa kuanzia alasiri, tambarare yote: upepo mkali na vumbi. Mnaona mtego wenyewe. Mvua ya mawe huyapukutisha maua ya mlozi yote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ilitubidi tufike kabla haijanyesha. Na vumbi la tambarare linafunga barabara, kwa hiyo ilitubidi tuondoke kabla halijaanza.

"Basi tunaondoka kesho alfajiri," nikasema.

"Mwadime kuamka alfajiri!" Riziki akasema. "Na godoro lako umeliaga? Lisije likaolewa na mtu mwingine."

Tulipanda mlima asubuhi njema, kona juu ya kona, nyani wamekaa kwenye kingo wakitutazama kama askari wa barabarani. Kijiji kiko mbali kidogo kusini mwa Taif, nyumba za mawe juu ya ngazi za mashamba. Ukoo bado unaitunza nyumba ya baba yake Mama Kabira. Ufunguo ulikuwa kwa jirani. Nilisimamisha gari, Riziki akamshika Mama Kabira mkono, wakaenda hadi kwenye mlozi ulioegemea ukuta wa uwanja.

Tulikuwa tumewahi mvua. Tulikuwa tumewahi na maua pia. Baridi ya mwaka ule ilikuwa imechelewa kuondoka, na mti mzima ulikuwa matumba tu, yamefumba kama ngumi za mtoto mchanga. Mama Kabira akayapapasa tawi hadi tawi, taratibu.

"Bado," akasema.

Alasiri mbingu ilivunjika. Mawe yalipiga paa, yakapiga gari langu, yakapiga uwanja hadi sikujisikia nikisema. Nyumba ilikuwa na jiko la mkaa, blanketi na chai ya maziwa. Siku nyingine ningesema nimefika mbinguni. Lakini yule mama alikaa ameelekea dirisha asiloliona, na kila yalipozidi aliuliza, "Yanaanguka?"

"Yanayoanguka ni mawe, Mama Kabira. Mti siuoni kwa mvua."

Ijumaa tukaamka kwenye uwanja mweupe. Mawe yalikuwa yamejazana chini ya ukuta. Nilikwenda kwenye mti kabla hawajatoka, nikiandaa maneno ya pole. Matumba machache yalikuwa chini. Mengine yote yalishika. Yangekuwa yamechanua yangekwisha. Kule kuchelewa kwao ndiko kulikoyaokoa.

Simu ikalia. Alikuwa baba. "Mwadime, umeona tambarare? Vumbi alasiri. Ondokeni sasa. Yalla."

"Ndiyo, baba."

Nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda kumwambia. Mama Kabira alikuwa uwanjani kwenye kiti, uso kwenye jua. Hakuniacha nimalize.

"Wewe ndiye mtu wa hewa wa nyumba ile. Sema hewa. Usinifurahishe, na usimfurahishe mwanangu."

Ndugu zangu, huwa rahisi kusoma hewa kwa mtu anayetaka kwenda kununua mkate. Nilisimama pale nikajua kwamba nikiongeza neno moja upande huu, nimemnyima maua, na nikiongeza upande ule, huenda nikamnyima macho.

"Mlimani jua, tambarare vumbi," nikamwambia. "Tukiondoka sasa, tutavuka hewa ikiwa safi. Tukingoja, jua litaupasha ukuta huu joto kufikia adhuhuri, na huenda matumba yakafunguka. Huenda yasifunguke. Vumbi tutakutana nalo njiani. Hilo halina huenda."

"Na hospitali kesho?"

"Naamini tutafika. Lakini mbele pasipoonekana nitasimama, hata ukinikataza. Na nikisimama, sijui tutaondoka saa ngapi."

Aligeuza uso kuelekea ukutani, kwenye mlozi.

"Vumbi nimelila tangu nizaliwe," Mama Kabira akasema. "Tungoje adhuhuri. Nipigie mwanangu."

Nikapiga, nikampa simu. Nilisikia upande wake tu. "Ni mimi niliyesema... Hapana, dereva kaniambia yote... Najua ni macho. Ni macho yangu... Halas, imekwisha, mwanangu." Akanirudishia simu. Baba alivuta pumzi, akasema, "Adhuhuri, Mwadime. Isizidi," akakata.

Tukangoja. Mimi nilirudi kwenye gari: nikakung'uta kichujio cha hewa, nikajaza maji ya kioo, nikaweka maji ya kunywa na vitambaa vya pua mahali pa karibu. Jua lilipanda. Mawe ya uwanjani yakayeyuka. Wakasali adhuhuri. Nilikuwa nimeshawasha injini Riziki alipopaza sauti, "Kaka Mwadime, zima hilo! Zima!"

Ni lile tawi lililolala ukutani, pale mawe ya ukuta yalipopata moto. Matumba yake yalikuwa yamefunguka, machache. Mama Kabira alivuta tawi hadi kope zake zikagusa ua. Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilibaki mlangoni mwa gari, ufunguo mkononi.

"Maisha yangu yote nimesema ni meupe," nikamsikia akisema. "Nilikuwa nayatazama kutoka dirishani. Kumbe ndani yana wekundu. Chini kabisa, kama mtu aliyeona haya."

Kisha akaomba mkongojo wake.

Vumbi tulikutana nalo pale pale simu iliposema litakuwa. Kwanza upeo wa macho ulipotea, halafu malori, halafu pua ya gari letu. Sikilizeni hili vizuri: ukishindwa kuona, usisimame pembeni ya lami ukiwa umewasha taa. Anayekuja nyuma atafuata taa zako akidhani unakwenda, atakuingia. Toka barabarani kabisa, zima taa, ondoa mguu kwenye breki, ngoja. Tulingoja. Riziki alisoma dua, nami nikasema Baba Yetu kimoyomoyo, na gari likawa linatikisika katikati ya dini zote mbili. Vumbi lilipopungua, tukajikokota hadi kituo cha mafuta, tukazuiwa hapo na askari mpaka asubuhi.

Jumamosi mchana tulifika hospitali tukiwa rangi moja na barabara. Baba alikuwa mlangoni. Alimshika mama yake mkono, mimi hakunitazama. Sikumlaumu. Alikuwa amekaa usiku kucha na simu isiyopatikana.

Mama Kabira alipasuliwa Jumapili kama ilivyopangwa. Bandeji ilipofunguliwa, jicho moja lilikuwa giza, na la pili lilibakia na mwanga na vivuli, basi. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umefika mbali, na safari haikuhusika. Baba alinieleza hivyo mwenyewe, siku ile aliponisemesha tena. Nilimshukuru. Bado siku za vumbi hujiuliza, na mkiifanya kazi hii vizuri na nyinyi mtakuwa na safari moja ya kujiuliza.

Rabii iliyofuata Mama Kabira akaagiza gari tena. Nikampeleka, Riziki kiti cha nyuma akinisema njia nzima. Safari hii mlozi ulikuwa umechanua wote, na nyuki wamejaa. Nikaegesha, nikabaki mlangoni mwa gari kama kawaida yangu.

"Mwadime," Mama Kabira akaita kutoka chini ya mti. "Unafanya nini huko?"

"Nalinda gari, Mama Kabira."

"Usiibiwe na nani? Mbuzi?"

Riziki alicheka hadi akakaa chini. Nikaenda. Mama Kabira alipapasa, akapata tawi, akalishusha usawa wa uso wangu.

"Weka jicho. Karibu. Zaidi. Ule wekundu upo?"

Kazi yangu yote imekuwa kutazama mbali. Nikasogea hadi ua likanigusa kope.

"Upo, Mama Kabira."

"Ukoje?"

Nikatafuta maneno. Niliyokuwa nayo yalikuwa jua, vumbi, ukungu na mvua ya mawe, na hakuna hata moja lililofaa. Nikaanza hivyo hivyo: unaanzia chini kabisa, pale ua linaposhikana na kikonyo, halafu unapanda...

"Polepole," akasema, akafumba macho yake ili asikie vizuri. "Nimeshamuuliza Riziki. Leo tambarare hakuna vumbi."